Mfupa Chini ya Genge

Kabla ya kazi ya mifupa alikuwa akipiga lipu nyumba za watu. Kwa hiyo alipoajiriwa kufunga mifupa ya kale kwa magunia na plasta, jina lilikuwa linamngoja: Plasta. Aliyemtafutia kazi ni shemeji yake, mume wa dada yake, mchimbaji mwenye maneno mengi kuliko sururu yake.

Genge walilochimba lilikuwa na matabaka mawili. Juu, jiwe gumu la mchanga ulioletwa na mto enzi za dinosaria. Chini, tope la mafuriko lililogeuka mwamba mwekundu. Likilowa linameguka kama sabuni. Mifupa ililala pale matabaka hayo yalipokutana. Mvua zilikuwa zimelila tope, jiwe likabaki likining'inia kama paa lisilo na ukuta.

Siku hiyo wingu lilitanda wakiwa wamebakiza kuutoa mfupa wa paja, umeshafungwa plasta, mnene kama pipa. Daktari wa miamba, kiongozi wa uchimbaji, mama wa makamo asiyepandisha sauti, alisema, "Tokeni. Tutaurudia."

"Nachukua sururu tu," shemeji akajibu, akarudi chini ya jiwe.

Mvua ikaanza. Kisha mlio mkavu, kama mlango unaovunjwa. Bonge la jiwe likamwangukia mguuni, likambana. Juu yake mwamba mzima ukaanza kushuka polepole, changarawe zikimmiminikia shingoni.

Plasta aliingia kabla hajafikiri.

"Rudi! Dada yako atabaki na nani?"

"Nyamaza, shemeji, tunza pumzi!"

Cha kuuzuia ule mwamba kilikuwa kimoja tu: mfupa. Alimgeukia Daktari, aliyeutafuta nusu ya maisha yake.

"Usiniangalie mimi," Daktari alisema, tayari ameshika nondo. "Sukuma!"

Waliubiringisha hadi ukakaa ubavuni mwa shemeji. Mwamba ukaulalia. Plasta ikapasuka, mfupa ukalia ka! ka! lakini ukashikilia. Wakalisukuma lile bonge kwa nondo, wakamvuta kwa makwapa, buti likabaki. Walipofika nje tu, genge likaporomoka.

"Umevunjika?" shemeji aliuliza, midomo imempauka.

"Yote miwili," Daktari akasema. "Wako na wa dinosaria."

Plasta alicheka mpaka akalia.

Mguu wa shemeji uliunga, ila akabaki akichechemea. Mfupa ulitolewa vipande vipande. Msimu uliofuata Daktari aliamuru jiwe la juu likatwe kwanza, na Plasta akarudi kazini. Dada yake alimnunia kwa kuirudia kazi iliyotaka kumuua mumewe. Plasta aliaga mlangoni, akapewa kisogo, akaenda.