Marimba ya Msiba

Katika mji wa Lowell, Marekani, Wakambodia wote waliofiwa walimwita mzee Saroeun awapigie marimba. Wapigaji wenzake waliuawa kwao Kambodia enzi za dikteta Pol Pot, aliyewaangamiza wasanii. Yeye alipona kwa kujidai mchunga nyati wa kulimia. Basi akabaki peke yake anayeujua muziki wa msiba mwanzo hadi mwisho.

Mjukuu wake, Chanmony, alitaka kujifunza. Lakini muziki ule hauchezewi nyumbani: ukiupiga bila maiti, unaita maiti. Kwa hiyo binti alijifunzia misibani tu, kipande kwa kipande, kila mzee alipofariki.

"Babu, si nikurekodi kwenye simu tumalize?"

"Unataka kumuua nani? Subiri!"

Kikabaki kipande cha mwisho, cha kumsindikiza marehemu kwenye tanuri la kuchomea maiti. Jirani yao, Bibi Nhor, alikuwa mgonjwa wa figo, na alijua fika wanachongojea.

"Mafisi nyie!" aliwapigia kelele dirishani. "Leo nimemaliza sahani mbili za wali na samaki wa kuvundika!" Wakacheka wote watatu.

Theluji ilipoanza, aliyeanguka ni Saroeun.

Siku ya kumchoma, Chanmony alipiga marimba hadi pale alipofundishwa, kisha mikono ikakwama hewani. Jeneza likasukumwa tanurini kimya kimya, mlango ukafungwa.

Bibi Nhor alijikongoja na mkongojo wake hadi kwenye marimba, akamshika binti bega.

"Nisamehe, mjukuu wangu," alisema. "Ningejua, ningetangulia."