Kidude Kilichobaki Masasi

Watu wa Mkunya, huko Newala, walikuwa wakisema kwamba Regina ana mkono wa baridi. Kwao hilo si neno dogo. Mbebeshaji wa mikorosho anaweza kuwa na kisu kikali na macho mazuri, lakini mkono wake ukiwa wa moto, kikonyo, kile kijiti cha mti mzazi anachokipachika kwenye mche, hukauka. Mkono wa Regina ulishikisha hata vikonyo ambavyo wenzake walikwisha kuvitupa. Kwa hiyo miche yake ilipoanza kufa, msimu wa kwanza michache, msimu uliofuata karibu nusu ya kitalu, hakuna aliyelaumu mvua wala udongo. Walisema mkono umemwishia. Jirani mmoja alimshauri asishike chumvi asubuhi ya kubebesha, mwingine akamwambia asianze kazi akiwa na kinyongo na mtu. Aliyafuata yote kwa moyo mmoja, na miche ikaendelea kufa.

Alishuka Masasi kumtembelea binti yake, Witness, mwenye kibanda cha kuuza kava na chaja za simu karibu na stendi. Simu kubwa aliyokuwa nayo Regina ilitoka kwenye kibanda hicho hicho. Bintiye alimzawadia miaka miwili nyuma, na tangu hapo ilikuwa ama mkononi mwake ama kwenye mfuko wa aproni.

"Mama, nimekuuliza, chai au soda?"

"Soda," alijibu Regina bila kuinua uso. Kwenye kioo cha simu, mwanamke fulani alikuwa akianguka na ndoo ya maji kwa mara ya nne.

"Nilikuwa nakupima tu. Chai imeshapoa hapo mbele yako. Umeiagiza mwenyewe."

Regina aliitazama chai, akacheka kwa aibu. Witness hakucheka. Alivuta droo akatoa kidude cheupe, chembamba, kinachotosha kwenye kiganja. Kilikuja kwenye mzigo kutoka Dar es Salaam na hakuna mteja aliyekitaka.

"Nipe simu." Aliishika kwa muda, akabonyeza hapa na pale, kisha akaigusisha na kile kidude. "Tayari. Video zimelala, makundi yamelala. Kupiga na kupokea kuko palepale. Ukitaka kuviamsha, lazima simu iguse hapa tena."

Regina alikigeuza kile kidude juu chini. Hakikuwa na waya, hakikuwa na betri, wala taa. "Sasa kinafunga kwa nguvu gani?"

"Simu ndiyo inayokisoma."

"Kinasomeka na hakina maandishi!" Alikigusa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayepima kama sufuria ina moto. "Na nikikipoteza?"

"Hukipotezi, kinabaki hapa. Ukizitamani video zako, panda gari uje unisalimie."

"Yaani mimi niteremke kutoka Newala mpaka huku kwa ajili ya kumwona mtu akianguka na ndoo?"

"Ukiteremka, tutajua unaumwa," alisema Witness, na hapo wote wawili wakacheka.

Huko Mkunya, siku zilizofuata hazikuwa za kucheka. Mkono wake ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe. Alikuwa akimenya muhogo, mara anajikuta ameshika simu, ujumbe mfupi kwenye kioo ukimweleza kwamba mlango umefungwa. Anairudisha. Baada ya kitambo anajikuta ameishika tena. Alishangaa, kwa maana hakuwa amejua kwamba mkono unaweza kuondoka bila kutumwa.

Kisha Anderson, mdogo wake anayeishi Chilangala, alipiga simu alfajiri.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Mkorosho wa baba umelala chini. Upepo wa jana, mizizi yote nje."

Regina aliketi kwenye kizingiti. Mkorosho ule ulipandwa na baba yao. Miaka ambayo ugonjwa wa ubwiriunga ulipausha maua ya Chilangala nzima kama yaliyonyunyiziwa unga, wenyewe ulizaa. Regina alikuwa amesema kila msimu kwamba atachukua vikonyo vyake, na kila msimu alisema mwakani. Hapakuwa na mche hata mmoja duniani uliotokana nao.

"Matawi yanaanza kunywea," aliendelea Anderson. "Nilimtafuta Hamudi, yule mbebeshaji mwingine, yuko msibani Tandahimba. Sasa dada, mimi sina neno, ila watu wanasema mkono wako…"

"Nayasikia wanayosema. Chemsha chai."

Alipakia miche yake kwenye guta, akafika jua likiwa bado halijakolea. Mti ulikuwa umelala ubavuni, mkubwa kuliko alivyoukumbuka. Vikonyo vizuri, vile ambavyo macho yake ya kuchipua yamevimba lakini hayajafumbuka, vilikuwa vichache. Alivikusanya kwenye kitambaa kibichi. Vikifa hivi, baba yake atakuwa amepanda mti uliokwisha.

Alikata kichwa cha mche wa kwanza, akaupasua katikati. Alichonga kikonyo pande mbili mpaka kikawa kama kabari. Na hapo hapo, kabla hajakipachika, mkono wake wa kushoto ukaenda mfukoni.

Simu ilimwonyesha mlango uliofungwa. Aliishusha mara moja, akakirudia kikonyo, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kutazama, alikitazama. Ule mng'ao wa maji uliokuwa kwenye jeraha ulikuwa umefifia.

Aliweka kila kitu chini. Aliokota kijiti kisichofaa, akakikata mshazari, akakishika mbele ya macho bila kupepesa. Utomvu ulitokeza kutoka ndani, ukatandaa juu ya jeraha kama umande, ukameremeta. Halafu mmeremeto ule ukazama. Kingo zikaanza kuwa za kahawia na kukaza, kama midomo inayofumbwa. Ilichukua muda wa video moja tu, tena zile fupi.

Akakata kijiti kingine, akatazama, kisha kingine tena. Nywele za mikono zilimsimama. Jambo hili lilikuwa likitokea kati ya vidole vyake tangu alipojifunza kazi, na hakuwahi kuliona.

"Dada, unachezea vijiti na jua linapanda!" Anderson alikuja na kikombe cha chai.

"Njoo uone."

"Naona kijiti."

"Chuchumaa, acha mdomo."

Alichuchumaa. Regina akakata. Ndugu wawili wakatazama, vichwa vikigusana, mpaka kingo zilipobadilika.

"Ndiyo kimekufa?" aliuliza Anderson kwa sauti ya chini.

"Ndiyo kimefunga mlango. Nilikuwa nakata, natazama simu, kisha napachika vilivyokwisha kufunga." Akaitoa simu, akamkabidhi mdogo wake. "Kaa nayo mpaka nimalize. Mkono wangu hauna ugonjwa."

Alifanya kazi mpaka jua likawa la utosi. Kata, chonga, pachika, funga kwa nailoni, vika mfuko mwembamba wa plastiki, ule wa lambalamba, bila pumzi kupita katikati. Chai ilipoa tena, safari hii kwa sababu nyingine.

Kwa wiki kadhaa alienda na kurudi Chilangala. Baadhi ya vikonyo vilisinyaa, naye aliving'oa kwa uchungu. Vingine vilibaki kijani, vikikataa kusema lolote. Asubuhi moja, baada ya mvua, aliinama kwenye kivuli walimoipanga miche akaona ndani ya mfuko mmoja jicho limefumbuka, na majani mawili madogo, mekundu kama shaba, bado yamekunjamana. Mfuko wa pili nao ulikuwa hivyo, na mstari karibu wote. Mti wa baba yake ulikuwa ukipumua ndani ya mifuko ya lambalamba.

Hakuita mtu. Ni Anderson aliyemkuta amepiga magoti topeni, naye akapiga yowe.

"Dada! Toa simu upige picha, tuwatumie ukoo mzima!"

"Piga kwa yako," alisema Regina, bila kugeuka. "Mimi naangalia."