Lotrix, Mtumishi wa Mungu Aliyekataa Jina Kubwa

Alizaliwa mwaka wa 1931, mtoto wa nne wa dobi wa hospitali ya misheni, katika chumba kilichopakana na beseni za kufulia. Baba alifariki kabla mtoto hajaota meno, na mama akawalea wote kwa mashuka ya wagonjwa: kuloweka, kufikicha, kuchemsha kwenye pipa, kuanika. Binti alipofika miaka saba alikwisha kujua kutoa doa la damu kwa maji baridi. Mama alijivunia mikono yake kuliko uso wake, ambao, tuseme ukweli, haukuwa wa kugeuza watu shingo.

Wito ulimjia akiwa na miaka kumi na saba, akianika. Kanisani ng'ambo ya uzio masista waliimba zaburi kwa Kilatini, naye hakuelewa hata neno, ila moyo wake ulitulia tuli. "Mama, nataka kuimba na wale," alisema. Mama aliendelea kukamua shuka. "Haya mwanangu, nenda. Ila kaimbe kweli, usiende kuzubaa."

Katika nyumba ya wanovisi, yaani wasichana wanaojiandaa kuwa masista, darasa la Kilatini lilikuwa na desturi yake. Siku ya kwanza kila mwanafunzi alijichagulia jina la Kilatini, akaliandika kwenye kadi, na tangu hapo darasani hakuitwa jingine. Asiye na kadi hakuwa na kiti, na asiyesoma Kilatini hakuingia kwaya maisha yake yote. Mabinti walijitwalia majina makubwa makubwa: Regina, Victoria, Augusta. Binti wa karani hakuona haya kujiita Imperatrix, yaani mtawala wa dola. Mtoto wa dobi alipekua kamusi saa nzima, kisha akaandika Lotrix, yaani mwanamke mfuaji. Darasa zima liliangua kicheko.

Mwalimu, sista mrefu wa miwani, mkali kama pilipili, aliishika kadi kwa ncha za vidole. "Hili si jina, binti. Hii ni kazi."

"Na kutawala je, Sista, si kazi?"

Mwalimu alimpa hadi Ijumaa. Wenzake walimsihi aandike Maria tu yaishe, na yeye mwenyewe, tusimpambe kupita kiasi, alilia siku mbili, maana aliitaka kwaya kuliko chakula. Ijumaa alileta kadi ileile. "Mama amenilea kwa kazi hii," alisema. "Siwezi kuikana ili niimbe." Mwalimu akamtuma kwenye chumba cha kufulia, akafue kwa kuwa amependa.

Huko alikaa miaka miwili. Dirisha la darasa lilitazamana na beseni, na kila asubuhi alifua huku akirudia kimoyomoyo alichosikia. Kisha homa ya matumbo ikaingia nyumbani humo na kumwangusha mwalimu. Wengi waliogopa kumkaribia, na mwalimu mwenyewe aliona fedheha kuchafua kitanda. Lotrix alimsafisha na kumbadilishia mashuka mara nne kwa siku, bila kukunja uso. Siku moja mgonjwa alianza zaburi, akakwama katikati. Msichana, mashuka machafu mkononi, akaimalizia kwa Kilatini bila kosa.

"Nani amekufundisha?"

"Wewe, Sista. Dirisha lako huwa wazi."

Mwalimu aliomba kalamu, akaandika Lotrix kwenye orodha ya darasa.

Aliweka nadhiri mwaka wa 1953, na Mama Mkuu akamruhusu kubaki na jina hilo. Askofu alipolitamka na kuwaeleza watu kwamba maana yake ni dobi, mwanamke mmoja kwenye benchi la nyuma alisimama, akidhani ameitwa yeye. Hakuna aliyemwambia akae.

Sista Lotrix aliimba kwaya miaka thelathini na sita, na kila alasiri alikwenda kufua. Alifariki mwaka wa 1989. Wagonjwa husimulia kwamba aliyelalia shuka alilolifua alipata usingizi hata homa ikiwa kali. Kanisa litayapima hayo kwa wakati wake, sisi tunasema tulivyosikia. Nasi tumwige katika hili: tukipewa nafasi ya kujichagulia jina, tuchague ambalo likiitwa mbele za watu, mama zetu watasimama.