Bolti ya Pili

Mimi nilikuwa muuza mikate, na mguu wangu wa kulia niliuacha kwenye mteremko wa kushukia darajani. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaanza kunionea huruma katikati ya habari. Huruma nimekwisha kuila ya kutosha, na sehemu kubwa nimeila kwa wizi. Tena habari hii si yangu. Ni ya fundi mmoja wa breki za pikipiki na binti yake wa pekee, na jinsi walivyofika pale walipofika huku sisi majirani tukiwapigia makofi.

Fundi tulimwita Sifuri. Jina hilo alilijua na lilimpendeza. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati wa mabawa mawili, sakafu nyeusi kwa mafuta, meza moja, na ukutani ubao uliotundikwa bolti zilizokatika. Kila bolti ilining'inia kwa waya, na chini yake kwa rangi nyekundu liliandikwa jina la fundi aliyeifunga. Ubao huo aliuita ubao wa wauaji. Mafundi wengine wa mjini walipita mbali na mlango ule kama watu wanaodaiwa.

Alitengeneza breki tu. Ukimpelekea injini, alikutazama kama umempelekea nguo zako za ndani azifue. Na kwenye breki alikuwa na sheria moja: bolti inayoshika kalipa, lile pande la chuma linalobana diski ya gurudumu, ikishafunguliwa hairudi. Aliikata kwa msumeno mbele ya macho yako, vipande viwili, ili usije ukaiokota na kumpelekea fundi mwingine. Siku moja dereva mmoja alijaribu kumbembeleza.

"Fundi, hiyo mbona bado nzima?"

"Hata marehemu mjomba wako juzi alikuwa mzima," akasema Sifuri, na msumeno ukaendelea.

Mjomba wa yule dereva alikuwa amezikwa wiki ile ile. Sifuri alijua. Ndivyo alivyokuwa, ulimi wake ulikuwa upupu mtupu, lakini kwenye kazi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililotufanya tumvumilie. Alieleza vizuri akitaka. Bolti ikikazwa huvutika kidogo, alisema, halafu moto wa breki huipika kila siku, ikatoka imechoka huku ikionekana mpya kabisa. Ni kama mpira wa sketi ya zamani: ukiutazama ni mpira, ukiuamini utaachwa uchi njiani.

Binti yake aliingia karakana akiwa na miaka kumi na saba, mwaka aliofariki mama yake. Nilipoacha kuuza mikate alikuwa na ishirini na sita. Kazi yote ya mikono aliifanya yeye, lakini hakuwa na ufunguo wa karakana, na hakuna aliyeruhusiwa kumwita fundi. Baba alimwekea ahadi: siku atakapofunga breki arobaini mfululizo bila kosa, atapata ufunguo wa pili, na jina lake litaandikwa mlangoni chini ya lile la baba. Kila breki iliyopita salama ilichorwa mstari wa chaki upande wa ndani wa bawa la mlango. Kosa moja, baba alichukua tambara bichi, akafuta mistari yote, akatamka kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Sifuri!"

Makosa yenyewe aliyapika yeye. Kwenye sinia la bolti mpya alichanganya moja ya zamani, aliyoiosha kwa petroli, akaisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, akaipaka ile gundi ya buluu ya kuzuia bolti isilegee. Ili asijichanganye mwenyewe, aliichora kwa tupa alama ndogo chini ya kichwa. Binti akiifunga bila kuitambua, baba alinyamaza. Alimwacha mwenye pikipiki awashe, aondoke, afike mwisho wa mtaa kwenye kona, hatua kama mia hivi za barabara tambarare. Hapo ndipo alipotia vidole mdomoni akapiga mluzi. Mteja aligeuza, watu wakatoka madukani, Sifuri akafungua ile bolti mbele yetu, akaonyesha alama, akaenda na tambara lake mlangoni.

Tulicheka. Msidhani nawasema wengine, mimi nilicheka kuliko wote, nilijishika mbavu. Mara moja alifutiwa akiwa na thelathini na moja, mara nyingine thelathini na sita. Siku ya thelathini na sita alisimama mikono inachuruzika mafuta, akauma mdomo, akaenda kunawa, akarudi kufungua pikipiki iliyofuata. Sisi tukasema ana roho ya chuma, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu.

Mwishowe ule mtego ukamchosha mtegaji. Binti alianza kutembea na bolti mpya mfukoni mwa ovaroli, na kila aliyoitoa kwenye sinia aliilaza kando ya ile, meno kwa meno. Iliyovutika haiwezi kulala sawa na mpya, hata uipake nini. Akiikamata, aliikata na kumwekea baba yake vipande viwili mezani. Mistari ikapanda. Ilipofika thelathini na tisa mtaa mzima ulijua, na mwandika vibao alikuja kupima bawa la mlango akauliza herufi ziwe rangi gani.

"Nyeupe," binti akasema. Baba yake alikuwa ameinamia sinia, akipekua bolti.

Pikipiki ya arobaini ilikuwa yangu.

Nilifika asubuhi ya saa nne, sanduku la mikate nyuma, pedi za mbele zimeisha zinalia chuma kwa chuma. Jirani alikuwa amewasha mashine ya kusaga nafaka, na ile mashine ikiwashwa mtaa ule unaongea kwa ishara. Binti alifungua bolti zangu mbili, akazikata. Akabadilisha pedi, akasafisha diski kwa kitambaa. Akachukua bolti mbili kwenye sinia. Ya kwanza ilikuwa sawa, akaifunga. Ya pili aliilaza kando ya ile ya mfukoni, akaitazama, akaigeuza, akacheka. Miaka tisa nampelekea pikipiki na sikuwahi kuona meno yake. Aliikata, akaweka vipande mezani.

"Haya, umenikamata," baba yake akasema, na nilishangaa kumsikia amelegeza sauti. "Umekuwa fundi. Shika hii, umalizie."

Akampa nyingine kwa mkono wake.

Binti aliipokea, mkono wa pili ukaenda mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshapanda juu ya kiti. "Dada, fanya hima basi, wateja watanitukana," nikasema. Na baba yake akasema, taratibu, kama mtu aliyeumia: "Hata ya mkononi mwa baba yako unaipima?"

Nilimwona anaona haya. Aliutoa mkono mfukoni mtupu. Akaifunga ile bolti, akaikaza kwa spana, akajipangusa, akaenda mlangoni kutafuta chaki.

Nikaondoka. Nilipoipita mashine ya kusaga, kelele zikabaki nyuma, na pale kwenye kona nikausikia mluzi.

Niliusikia. Andikeni hilo, mpige na mistari miwili chini. Niliusikia kama ninavyosikia jina langu. Nikajua kabisa maana yake: geuza urudi, watu wacheke, nusu saa ipotee, na mimi niwe sehemu ya mchezo. Nikajiambia leo si mimi, mzee na michezo yake, nitapita jioni. Nikainua mkono wa kushoto juu bila kugeuka, kumwambia tutaonana, nikakunja kona.

Kwenye mteremko wa daraja mkokoteni wa maji ulikatiza. Nikabana breki. Nilisikia mlio mdogo tu, kama kijiti kinavunjwa, ndicho kichwa cha bolti kikiruka. Kalipa ikazunguka kwenye ile bolti moja iliyobaki, ikaingia kwenye spoku, gurudumu likasimama papo hapo na mimi nikaendelea. Lori lililokuwa nyuma yangu halikuwa na kosa lolote. Daktari alikata chini ya goti, halafu baada ya siku sita akakata tena juu yake.

Pikipiki ilirudishwa karakana juu ya gari, watu wakiifuata. Sifuri akachomoa kipande cha bolti kilichobaki ndani, akakifunga waya, akakitundika kwenye ubao wa wauaji. Chini yake akaandika jina la mtoto wake, kwa rangi nyekundu. Binti alisema mbele ya watu kwamba bolti ile alipewa na baba. Baba akasema yeye alimpa mpya, na hiyo ya zamani mtoto kaokota kwenye makopo ya bolti za kutegea kwa haraka ya kufikisha arobaini. Alama ya tupa ilikuwa chini ya kichwa, na kichwa kilikuwa kimeruka. Siku mbili binti alipita kwenye mteremko ule akikitafuta kichwa hicho, na sumaku ya spika aliyoifunga kamba, akiikokota kwenye mchanga na majani, magari yakimpigia honi. Alipata misumari na vizibo vya soda.

Wiki ya tano, chama cha madereva wa pikipiki kiliitisha kikao. Niliingia na magongo, watu wakasimama wote kunipisha. Siku zile nilikuwa mtu. Majirani walileta vyakula kwa zamu, watoto walinibebea kiti, na mke wangu kila akinifungua bandeji alilia na kumlaani yule msichana. Nilipokuwa na mikono na miguu yangu yote sikuwahi kupendwa namna ile.

Sifuri alisimama akasema maneno machache. "Mimi nikitega, napiga mluzi. Kuna asiyejua hapa? Basi siku ile aliyesikia mluzi aseme."

Mwenye mashine ya kusaga akasema mashine ilikuwa inaunguruma, hakusikia hata kikohozi chake.

"Nilisikia mimi," binti akasema. "Nilikuwa kando yake."

"Wewe ndiye unayetuhumiwa, dada," mwenyekiti akamwambia, wala hakuwa mkali. Kisha akanigeukia. "Ndugu yetu, wewe ndiye uliyekuwa barabarani. Je, ulisikia mluzi?"

Wote wakanitazama. Sifuri naye akanitazama, na sikuona woga wowote usoni mwake. Alikuwa ameuona mkono wangu siku ile. Alijua kwamba nikisema ndiyo, swali litakalofuata halitaelekezwa kwake bali kwangu. Mke wangu alikaa pembeni yangu ameshika begi la dawa. Nikamfikiria akiniuliza usiku na mchana, miaka yote iliyobaki: ulisikia, ukaenda?

"Sikusikia," nikasema.

Chumba kizima kikaguna. Ikaamuliwa kwamba hakuna dereva wa chama atakayepeleka pikipiki kwenye mikono ya yule binti, na habari ipelekwe kwa vyama vya miji ya jirani. Binti alikuwa anautazama mkono wangu wa kushoto, uliokuwa juu ya gongo, mpaka nikauficha chini ya kanzu.

Sifuri bado yupo. Anafanya kazi peke yake, na wateja ni wengi kuliko zamani, maana nani asiyemwamini mtu aliyemtundika hata mwanawe? Baiskeli yangu ya magurudumu matatu breki zake kazifunga yeye. Alikata bolti za zamani mbele yangu, akaweka mpya, kila moja akaipima mara mbili kwenye mwanga. Bawa la mlango lilikuwa wazi, nikaona ile mistari ya chaki, thelathini na tisa, hajaifuta. Namchukia mtu yule, na yeye ndiye mtu pekee ambaye sihitaji kumdanganya.

Limebaki moja. Asubuhi ya pili baada ya kikao, binti alipita kwetu na begi lake begani, akielekea stendi. Mke wangu alisimama mlangoni asimpishe, wala hakumwambia karibu. Mimi nilikuwa kitandani, tunaonana juu ya bega la mke wangu.

"Kaka, pole na mguu," akasema.

Nikaitikia.

"Siku ile nilikuwa nimesimama mlangoni na chaki. Alipopiga mluzi uliinua mkono, nikauona." Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayekueleza pedi zimekwisha. "Kwenye kikao sikusema. Nilikuwa nakungoja wewe."

Akangoja tena kidogo, pale pale. Mimi nikaugeukia ukuta. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi, halafu lango.

Mke wangu akaja akakaa kando ya kitanda, akanifunika shuka vizuri.

"Anasema mkono gani yule?"

"Achana naye," nikamwambia. "Amechanganyikiwa."