Machozi ya Kuingilia Pangoni

Madam aliliona lile pango kwenye simu, sikukuu moja tulipokuwa Riyadh, na tangu siku hiyo hatukupumua. Lilikuwa hoteli. Lilikuwa katika mji wa kale kusini mwa Italia, mji uliochimbwa kwenye kuta za korongo, nyumba juu ya nyumba, paa la huyu ni ua wa yule. Zamani, alisoma madam kwa sauti, maskini walilala humo na punda wao, mpaka serikali ikaona aibu ikawahamisha. Siku hizi wenye nafasi zao wanapanga foleni kulala palepale alipolala punda. Nilikuwa nimesimama na sinia la kahawa, nikajisemea kwamba kweli ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mimi nimevuka bahari kumtoa mama yangu katika nyumba ya kulala na mifugo, na hawa wanataka kuvuka bahari kuifuata.

Kazi yangu ni mama kabiri, yaani mama mzazi wa bosi. Ndivyo sisi wafanyakazi tunavyowaita wakongwe wa nyumba. Bosi na madam wanaishi Riyadh kwa sababu ya kazi ya bosi. Mama kabiri alijaribu kuishi nao, akachoka upesi, akasema mji usio na bahari hauna pa kutupia macho. Akarudi Jeddah kwenye nyumba yake ya Ruwais, nami nikarudi naye. Namwogesha, namsuka nywele zake chache, namtia dawa ya macho. Macho yake yamekauka, hayatoi hata tone, na bila dawa kope zinamkwaruza. Tunaongea Kiarabu chetu cha jikoni na tunagombana kwa kuelewana.

Mwaka huo nilikuwa nimefiwa na mama. Habari zilinikuta katikati ya Ramadhani, ikama yangu, yaani kibali cha kuishi, imekwisha na mpya haijatoka, na bila ikama huendi popote. Mazishi niliyatazama kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kopo la sukari, nikikaanga sambusa za futari. Sauti niliizima kwa sababu kulikuwa na wageni sebuleni. Niliona watu wanafungua midomo na kuifunga. Niliona jeneza likishuka kimyakimya, nami nikageuza sambusa zisiungue. Machozi hayakuja siku hiyo, wala wiki hiyo, wala baada ya hapo. Nilijiogopa.

Kwetu magharibi mwa Kenya hilo si jambo dogo. Boma la msiba haliingiwi kimya. Unaanza kulia ukiwa mbali barabarani, mikono kichwani, na mtu wa nyumba hiyo anatoka mpaka langoni kukupokea, mnaingia pamoja. Ukichelewa hata mwaka, kilio chako kinakungoja pale pale barabarani. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki na boma, aliniuliza kwa simu, "Hata chozi moja?" Nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi ukija, usije kama mtu anayetoka sokoni. Bila kulia sitakutokea langoni." Tangu hapo tukawa tunasalimiana tu, ya mvua na ya mahindi. Mama alikuwa amezikwa na watu wote isipokuwa mimi.

Basi ikama mpya ilipotoka, na safari ya pangoni ikapangwa, tukarudi Riyadh tena kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya viza. Kijana wa dirishani aliniuliza, "Unakwenda kufanya nini Italia?"

"Kumshika mama huyu mkono."

"Na yeye anakwenda kufanya nini?"

Mama kabiri alijibu mwenyewe: "Muulize mwanangu. Mimi nimeletwa."

Hakuna aliyemwambia kwamba tunakwenda kulala pangoni. Bosi aliniita pembeni. "Ukiulizwa, sema ni hoteli ya zamani." Nami nikasema ni hoteli ya zamani, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa, ila ilikuwa ya zamani zaidi ya alivyodhani mama kabiri.

Mji wenyewe ulikuwa ngazi tupu. Gari lilituacha juu, mchukuzi wa mizigo akajitwika kiti cha magurudumu kichwani, na mama kabiri akashuka kwa miguu yake, mkono wake kwenye mkono wangu, akiyalaani mawe kila aliposhusha mguu. Upande wa pili wa korongo kulikuwa na mapango mengine, matupu. Jiwe lote lilikuwa jeupe na jua lilikuwa linatupiga usoni. Madam alitangulia kinyumenyume akitupiga video, maana yeye hali wala hatembei pasipo kupiga video.

Mlangoni pa hoteli mama kabiri alisimama. Akatazama juu, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Hii ni nyumba au ni jabali?"

"Ni hoteli, mama," alisema bosi.

"Sikuuliza kama ni hoteli. Ni nyumba au ni jabali?"

Mama kabiri akaketi juu ya ukuta mfupi wa jirani, akaweka mkoba wake mapajani, tukajua safari imeishia hapo.

Ilibidi nielezwe, kwa kuwa mimi ni Mkristo na sikuwa najua. Kaskazini mwa nchi yao yako majabali yaliyochongwa nyumba za watu wa Thamudi, waliomkaidi nabii wao wakaangamizwa. Mcha Mungu haingii humo kustarehe. Akipita, hupita akilia, na asiyeweza kulia asiingie. Mama kabiri alipokuwa bi harusi walipita upande huo kwa lori, na mumewe akasimamisha mazungumzo yote, watu wakafunika nyuso na kulia mpaka majabali yakaisha. Alisema hajawahi kusahau. Alisema alikuwa amevaa vazi jipya, akalia mpaka likalowa.

"Mama, hawa hawakuwa Thamudi," alisema bosi. "Walikuwa wakulima tu. Na hawakuangamizwa, walihamishwa."

"Walichonga jabali au hawakuchonga?"

"Walichonga."

"Halas. Yamekwisha."

Ilikuwa mwezi wa wageni na mji wote ulikuwa umejaa. Isitoshe, hoteli zote zilikuwa mapango. Bosi alizunguka zunguka pale ngazini akipiga simu, kanzu yake imemshika mgongoni kwa jasho, akarudi na kukata shauri. "Basi, mama, ingia ukilia."

"Kwa macho gani?"

Tulikuwa tumesahau. Bosi akafikiri, akaniambia nitoe ile dawa ya macho kwenye mkoba, nimtie mpaka imwagike mashavuni. Nilikuwa nimekwisha kufungua kifuniko mama kabiri aliponipiga kofi mkononi.

"Mnataka nimdanganye Mungu kwa dawa ya famasi?"

Tukakaa. Jua halikukaa. Hatimaye akaninyooshea kidole. "Huyu atalia kwa niaba ya nyumba yetu."

"Mama, huyu ni Mkristo," alisema madam nyuma ya simu.

"Nimesema alie, sijasema aswali. Yalla!"

Sasa, kulia mimi najua. Shangazi yangu alikuwa akiitwa kwenye misiba ya watu asiowafahamu, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Niliona hapa angalau kuna kazi niliyosomea. Nikamwambia bosi anipishe, kwa sababu kilio hakianzii mlangoni. Nikapanda ngazi nilizozishuka, mpaka kwenye kona ya kanisa, nikajifunga leso kiunoni, nikaweka mikono kichwani, nikashuka nayo.

"Uuuwi! Uuuwi! Enyi wachonga mawe, mmetuachia nani! Nani atachonga sasa! Uuuwi, Thamudi weee!"

Sikutegemea lile korongo. Ukuta wa pili ulichukua kilio changu na kukirudisha chote, kwa hiyo tukawa waombolezaji wawili, na yule wa pili alikuwa na sauti nzuri kuliko yangu. Madirisha yakafunguka. Mwanamke mmoja akatoka na mikono imejaa unga, akajifanyia ishara ya msalaba na kuacha alama nyeupe kifuani. Mbwa wakaanza. Mtu wa mapokezi akatoka mbio na gilasi ya maji mkono mmoja na sanduku la huduma ya kwanza mkono wa pili, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyekufa. Bosi akamjibu kwamba ni watu wa zamani sana. Yule bwana akainamisha kichwa, akatoa pole.

Nilimaliza kwa kupiga magoti mbele ya mama kabiri, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nahema na nilijivuna. Akanishika kidevu, akapitisha kidole chini ya jicho langu la kulia, kisha la kushoto, akakitazama.

"Kelele nzuri," alisema. "Machozi mafi. Hakuna."

Kidole kilikuwa kikavu. Wote walikiona, na mimi nilikiona. Nilisikia aibu isiyohusiana na Thamudi hata kidogo. Nilidhani ni msiba wa mama pekee uliokataa kutoa machozi. Kumbe nilikuwa nimekauka kote, kama mama kabiri, na mimi sikuwa na dawa.

Mtu wa mapokezi alidhani tunasitasita kwa sababu hatujavutiwa na chumba. Akafungua mlango wa kile cha mama kabiri mpaka mwisho, akawasha taa, akaanza kutueleza akiwa ndani, sisi tukiwa nje. Hapa ukutani alifungwa punda. Hili sinki la kunawia lilikuwa hori lake. Hapa juu ya shimo la mahindi alilala mtoto. Na kitanda, alisema, walikiinua juu hivi makusudi, tazameni, ili kuku walale chini yake na wapashane joto na wenye nyumba. Akainama atuonyeshe. Chini ya kitanda, mahali pa kuku, kulikuwa na taa ndogo ya manjano na taulo nyeupe zilizokunjwa.

Nilimjengea mama nyumba ya matofali, sakafu ya vigae. Ndiyo iliyonifikisha Jeddah. Usiku wake wa kwanza ndani ya nyumba hiyo aliingiza kuku wake wote na kuwalaza chini ya kitanda, juu ya vigae vyangu. Nilimpigia simu nikawasikia. Nikamwambia, mama, hata kuku? Akaniambia nyumba isiyo na pumzi nyingine ndani inamtisha, na kama vigae vinaniuma nije nivipanguse mwenyewe. Tulicheka sana siku hiyo. Na alipokufa, dada aliniambia, watu walipoinua kitanda kumtoa walikuta yai pale chini, bado lina joto, wakasimama nalo, hawajui walifanyie nini.

Niliziangalia zile taulo. Nikataka kusema neno kwa mtu wa mapokezi, nimwambie kwamba taulo hazipashi mtu joto. Nikaketi palepale kizingitini. Kilichonitoka hakikuwa kizuri. Hakikuwa na "uuuwi" wala mikono kichwani, shangazi angenikana. Niliita tu mama, mama, kwa lugha ya kwetu, kamasi zikinitoka, na korongo halikurudisha kitu kwa sababu sauti ilikuwa ndogo. Niliumia, na nilishukuru kwamba naumia.

Mama kabiri aliinuka mwenyewe ukutani. Akaja, akanipitisha kidole chini ya jicho, akakitazama. Kililowa. Akakipitisha chini ya jicho lake. Akarudi kwangu akachukua tena, akajipaka upande wa pili, taratibu, kama mtu anayejipaka wanja, mpaka mashavu yake yote mawili yakang'aa.

"Halas," alisema. "Yalla, tuingie." Akaingia kwa mguu wa kulia.

Alilala akakoroma. Asubuhi aliuliza kama tunaweza kuongeza siku, maana ubaridi wa pale ulishinda wa kiyoyozi. Tukakaa. Lakini sheria ilikuwa sheria: kila tulipotoka, hata kununua maji, alisimama mlangoni wakati wa kurudi akanitazama, nami machozi nilikuwa nayo tayari. Yalikuja bila taabu, kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. Mtu wa mapokezi alizoea, akawa ananiwekea gilasi ya maji pale nje. Mgeni mmoja wa chumba cha juu alimwuliza kama kilio hicho ni sehemu ya huduma za hoteli, na kama yeye pia angeweza kuingizwa hivyo.

Siku ya mwisho nilipokuwa namtia dawa, mama kabiri aliniuliza, "Siku ile ulimlilia nani?"

"Mama yangu."

"Na Thamudi?"

"Hao niliwalilia mara ya kwanza."

Akafikiri, macho yamefumba. "Wamepata cha kuwatosha," alisema.

Tuliporudi Jeddah, madam alinitumia ile video yote. Nilikaa nayo siku kadhaa nikiona haya, kisha nikaituma nyumbani kwa dada bila kuandika neno. Alikaa kimya mpaka nikajuta. Jibu lake lilikuja kwa sauti, nikalisikiliza jikoni, na safari hii sauti sikuizima.

"Kile kilio cha kwanza ni cha kukodi," alisema dada. "Hata mbwa wetu hakuinua kichwa." Nyuma yake nilisikia kuku. "Cha pili kilinikuta napika. Nikaacha sufuria, nikatoka kukupokea. Nilifika mpaka langoni ndipo nikakumbuka uko mbali."