Gemere Iliyomwagwa Siku ya Posa

Shangazi Sethunya hakuwahi kuijua ladha ya pombe, na nusura jambo hilo limkoseshe Boitshepo mume.

Alizikwa majira ya baridi yaliyopita, hapa hapa mjini Kanye, asubuhi ambayo umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya nyasi. Wanawake wa kanisa wakiwa na sare zao waliimba mpaka kaburi likajaa. Waliosimama kutoa ushuhuda walitaja maombi yake na wagonjwa aliowakesha, na yote yalikuwa kweli. Lakini Boitshepo, aliyelelewa naye, moyoni alikuwa akimwona jikoni, mikono imejaa unga, sikio amelitega juu ya kifuniko cha pipa, akisema, "Nyamaza kidogo, mwanangu. Inaongea."

Kila kitu katika jiko lile kilikuwa kinachacha, kinaumuka au kinaganda. Uji wa mtama uliachwa kando ya meko mpaka ukawa mkali. Maziwa yaligandia ndani ya mfuko ulioning'inizwa mlangoni, yakidondosha maji yake kwenye bakuli. Shangazi hakupenda kupika kitu kwa namna ile ile mara mbili. Leo angetia ndimu, kesho angetia magadi, kisha akarudi nyuma hatua moja na kusema, "Haya, tuone." Mara nyingine walikula wakajilamba vidole. Mara nyingine hata mbwa aligeuza uso. Yeye alishukuru vyovyote vile. Siku mikate ilipotoka migumu kama matofali, aliinamisha kichwa na kuomba: "Asante, Bwana, kwa mkate huu, ingawa wewe na mimi tunajua ulivyo."

Kaka yake, baba yake Boitshepo, alikuwa mlevi. Hakuna haja ya kulizunguka. Alikutwa alfajiri moja amekufa kando ya barabara, na mama yake Boitshepo alikuwa ameshatangulia. Shangazi akaja na blanketi, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka naye. Tangu hapo pombe haikuvuka lango lake. Hata mgeni aliyekuja nayo tumboni alipewa kiti cha nje.

Kilichonywewa kwake kilikuwa gemere. Tangawizi iliyotwangwa, maji, sukari, zabibu kavu, ule unga mweupe mkali wa tartariki unaouzwa dukani kwa vipakiti, na hamira ya kubana kwa ncha za vidole. Ikifunikwa leo, kesho yake ina mapovu na inakuna koo vizuri. Hapakuwa na arusi wala msiba mtaani uliopita bila gemere ya Sethunya.

Basi Tebatso alipotaka kumwoa Boitshepo, ilijulikana wazi wajumbe wa posa watapewa kinywaji gani. Tatizo lilikuwa mkubwa wa wajumbe wenyewe, Mzee Kelapile, baba mkubwa wa Tebatso, aliyekuwa mzee wa kanisa. Maneno yake yalishafika Kanye kabla yake: "Binti simjui, labda ni mzuri. Lakini baba yake ninamjua alivyokufa. Ng'ombe wetu hawataingia kwenye boma linalonuka pombe."

Shangazi aliposikia, alisema tu, "Aje anuse."

Akatengeneza gemere pipa zima. Ijumaa ikaja habari kwamba Mjomba Oduetse, kaka wa marehemu mama yake Boitshepo, yuko huko porini kwenye ng'ombe, anatafuta maksai waliopotea, na hatafika. Posa bila mjomba si posa. Wajumbe wakaombwa waje Jumamosi ya wiki inayofuata.

"Imwage, Shangazi," alisema Boitshepo. "Tutatengeneza nyingine."

"Nimwage sukari yote ile? Mungu ananitazama."

Ulikuwa Oktoba, mvua haijanyesha, jua linapiga mabati mpaka yanalia. Kila asubuhi Shangazi alionja kikombe. Kila asubuhi aliikuta imekuwa chachu, utamu umekwisha, akaongeza sukari. Kesho yake utamu umekwisha tena.

"Gemere hii inakula sukari kama ndama aliyefiwa na mama yake," alisema, na akamimina nyingine.

Hakujua kwamba hamira ndiyo iliyokuwa ikila, na kile ilichokuwa ikitoa baada ya kula hakuwa na ulimi wa kukitambua. Aliona tu kwamba inazidi kuwa na nguvu. Akasifu tangawizi ya mwaka ule. Iliyokuwa nzuri zaidi akaijaza kwenye chupa za kioo, akazikaza vifuniko sawasawa, akazipanga chini ya kitanda cha Boitshepo, penye kivuli. "Hizi ni za wazee," alisema.

Jumamosi alfajiri Mjomba Oduetse akaingia na vumbi la njia nzima, bila maksai.

"Shemeji, nipe maji kabla sijafa."

"Maji ya nini wakati gemere ipo?" Akamchotea.

Mjomba akanywa funda moja, akatulia. Akanywa la pili, akatazama ndani ya kikombe. La tatu akafumba macho.

"Shemeji," alisema polepole, "umeokoka tangu lini?"

"Unajua vizuri tangu lini. Kwani vipi?"

"Hakuna. Ila nimekunywa kwenye vilabu vyote kuanzia hapa mpaka mpakani, na sijapewa kitu kama hiki. Niongezee."

Shangazi akashika ukingo wa meza. "Oduetse. Usinitanie leo."

"Nikutanie? Muulize yeyote anayekunywa. Hii ni pombe, mama, na imeiva."

Boitshepo alimwona shangazi yake akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mjomba, ambaye hakuwa mtu mbaya, akashusha sauti. "Sikiliza. Wataingia na kiu. Mpe yule mzee kikombe kimoja, mpe cha pili. Ataimba. Saa ya kuimba, nitataja ng'ombe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Na huyu mtoto akikosa mume?"

Shangazi alimtazama Boitshepo, na Boitshepo akatazama sakafu, maana alimpenda Tebatso, na aliogopa. Shangazi akainuka. Akaliinamisha pipa mlangoni, na ile kazi ya wiki nzima ikatiririka uani, povu mbele, zabibu nyuma. Kuku wakaja mbio.

"Mungu wangu," alinong'ona Mjomba, akavua kofia kama aliye msibani.

Katika haraka ile hakuna aliyekumbuka chupa za chini ya kitanda.

Wajumbe wakafika jua likiwa linachomoza. Wakasimama langoni kama desturi inavyotaka, na Mzee Kelapile akasimama muda mrefu kuliko wengine, mrefu mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, hasogei mbele wala nyuma. Kisha akaingia. Wanaume wakakaa uani kwenye viti, wanawake wakaingia ndani na mashuka yao mabegani, wakaketi mkekani. Boitshepo alikuwa amewekwa chumbani, juu ya kitanda chake, haruhusiwi kuonekana. Dirishani alisikia kila neno.

Maneno yalikwenda pole pole, salamu juu ya salamu. Jua likapanda. Mabati yakaanza kulia.

"Tumekuja kuomba kibuyu cha kuchotea maji," alisema Mzee Kelapile, kama binti anavyoombwa kwa desturi.

"Vibuyu tunavyo," alijibu Mjomba kwa heshima zote. "Sijui mnataka kipi."

Hapo ndipo chupa ya kwanza ikapasuka.

Boitshepo alidhani amepigwa risasi. Ya pili ikafuata, kisha zikafuatana zote, godoro likaruka chini yake, povu likaruka pande zote mpaka kichwani mwake, likamwagika kutoka chini ya kitanda, likapita chini ya mlango na kuingia walikoketi wanawake. Wakapiga yowe. Akafungua mlango, akakimbia pamoja na wale wanawake, na alipopata fahamu alikuwa amesimama katikati ya ua, mbele ya wajumbe wa mchumba wake, amelowa kuanzia nywele mpaka miguu, ananuka kilabu.

Mmoja wa wanawake wa upande wa Tebatso alilamba mkono wake, akashtuka, akaupangusa haraka kwenye shuka.

Mzee Kelapile akasimama. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. "Nilisema," alisema. "Nilisema mapema."

"Keti, Mzee," alisema Shangazi.

"Mama, nimeketi vya kutosha."

"Basi sikia ukiwa umesimama." Akamweleza yote: pipa, joto, sukari, chupa za wazee. Hakujipunguzia lawama. "Nilipoambiwa ni kitu gani, nilikimwaga. Hizi chupa nilizisahau. Kama ni uongo, Mungu yupo hapa."

"Na kuku wapo pia," alisema Mjomba Oduetse. "Mtazameni yule jogoo, Mzee. Ndiye shahidi wangu."

Wakamtazama. Jogoo alikuwa akijaribu kupanda ukuta mfupi wa ua. Akapanda, akayumba, akaanguka upande wa pili, akawika akiwa amelala. Kijana mmoja wa wajumbe akacheka, akajifanya anakohoa.

Mzee Kelapile hakucheka. Alimtazama Shangazi. "Uliimwaga kabla hatujaja? Bila kujua kama tungeitambua?"

"Nilijua ninyi hamnywi. Yatosha."

Akaingia jikoni bila kungoja jibu. Akatoka na meza ndogo, jagi kubwa la kioo, tangawizi mbichi, sukari, kipakiti cha tartariki na kopo la magadi ya mikate. Akaviweka mbele ya Mzee Kelapile kama fundi anayetandaza vyombo.

"Mmekuja mbali na mna kiu. Sina kitu cha kuwapa, ila nitakitengeneza hapa, macho yako yakiona. Hamira haimo. Hamira inataka siku nzima. Hii inataka pumzi moja."

Hakuwa amewahi kuitengeneza kwa jagi. Alijua tu kile wanawake wanachokoroga kwenye kikombe tumbo likijaa gesi. Alikamulia tangawizi majini, akakoroga sukari, akatia tartariki. Maji yalitulia tu. Kisha akachota magadi, na Boitshepo, aliyekuwa bado amesimama akidondokwa na povu, alimwona akisita, akiongeza kijiko kingine juu yake.

"Haya," alisema Shangazi. "Tuone."

Akatumbukiza. Jagi likavuma. Povu jeupe likapanda kama maziwa yaliyochemka, likaruka ukingo, likafunika meza, likamfuata Mzee Kelapile mpaka kwenye viatu. Mzee akarukia nyuma ya kiti chake, mikono juu. Wanawake waliolowa wakapiga vigelegele bila kujua wamepiga.

"Mama! Hiki ni kinywaji au ni baruti?"

"Kunywa upesi kabla hakijakimbia chote!"

Akampa kikombe. Mzee akakishika, na akakaa nacho hivyo, akikitazama. Akakinusa kwa muda. Kisha akakinywa chote kwa mkupuo, akafuta mdomo, akajitengeneza koti ili aseme neno, na badala ya neno ikatoka mbweu ndefu, nzito, ya mtu mwenye cheo. Ua mzima ukaangua kicheko. Yule kijana akalala kabisa juu ya magoti yake.

Vicheko vilipopungua, Mzee Kelapile alikuwa ameketi, macho yana maji.

"Kabla sijaokoka," alisema, "nilikunywa mpaka nikauza ng'ombe wa baba yangu. Ninyi wa hapa hamjui, wa kwangu wanajua. Pale langoni nilisimama kwa sababu ilinijia harufu kutoka ardhini. Mlidhani ni kiburi. Ilikuwa hofu. Mimi kikombe kimoja hakinitoshi, mama. Ungenipa kile cha asubuhi, kwa adabu ningekinywa, na sijui leo jioni ningelala wapi." Akainama mbele, akamshika Shangazi mikono yote miwili, na mikono yake haikutetemeka tena. "Asante."

Mjomba Oduetse alitazama chini, akajishughulisha na kofia yake.

"Tumekuja kuomba kibuyu," alisema Mzee Kelapile tena, akimgeukia. "Ni hicho pale, kilicholowa. Tajeni ng'ombe, na msituonee."

"Hatutawaonea," alisema Mjomba, "ingawa leo nimepata hasara kubwa uani." Nao wakaelewana kabla kivuli hakijafika ukutani.

Wageni walipoondoka, Boitshepo na shangazi yake walibaki wakisugua sakafu iliyonata, huku nyuki wakizunguka. Kisha Shangazi akasimamisha ufagio.

"Kwa hiyo wiki nzima nimekuwa nikinywa pombe?"

"Kikombe kila asubuhi, Shangazi."

"Na cha jioni. Nilikuwa nahakikisha." Akajiziba mdomo. "Boitshepo! Jumatano nilisimama mbele ya akina mama wote nikatoa ushuhuda. Nikasema magoti yameacha kuuma, na usingizi umerudi kama wa mtoto. Wakapiga makofi!"

Walicheka mpaka wakakaa chini penye maji. Shangazi alijifuta machozi kwa pindo la aproni.

"Sasa nirudi nikaifute ile shukrani?"

"Sijui, Shangazi."

Alifikiri, kwa dhati, kama alivyofikiri mambo yote ya Mungu. "Hapana. Niliitoa kwa moyo. Atajua mwenyewe aiweke wapi."

Kisha pale pale sakafuni, miguu imenyooshwa kwenye uchafu, akainamisha kichwa. Akashukuru kwa ajili ya Mzee Kelapile na usiku wake wa leo. Akashukuru kwa ng'ombe, kwa Oduetse na ulimi wake, hata kwa kuku, waamke salama. Akamtaja kaka yake kwa jina, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasema, "Tazama, Bwana, mtoto wake amepata nyumba."

Boitshepo alichelewa kusema amina. Alikuwa anamtazama shangazi yake.