Bakuli la Kitambaa cha Kaki

Saa moja na robo asubuhi, kabla hajagusa kisu, Mama Vitambaa anafunua mabakuli. Ni mabakuli ya plastiki yenye mifuniko, ishirini na manne, yamepangwa juu ya meza ya kibanda chake, na kila moja limefungwa kipande cha kitambaa cha rangi yake. Anaanza na lenye kitambaa cha kaki. Anachungulia ndani, anatabasamu peke yake, kisha anaendelea na mengine.

Ndani ya bakuli hilo hamna kitu. Limeoshwa, limekaushwa.

"Hivyo ndivyo ninavyotaka kulikuta," anasema. "Likirudi tupu, siku yangu imeshakuwa nzuri hata kama mvua itanyesha."

Anachukua fungu la mchicha lililo juu kabisa ya rundo, na karoti mbili ngumu. Anaosha, anakata bila haraka, anajaza bakuli la kaki na kulitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi chini ya meza. Ndipo anapoanza kazi ya wateja.

Kazi yenyewe ni kukata mboga. Watu wakienda kazini asubuhi humwachia bakuli, wakirudi jioni hulikuta limejaa mboga zilizooshwa na kukatwa, kilichobaki ni sufuria tu. Daftari hana. Kitambaa chekundu ni cha mwalimu, anayetaka kabichi ikatwe nyembamba hadi ionekane upande wa pili. Cha maua ni cha nesi wa zahanati, ambaye kitunguu hataki kukiona hata kwa bahati mbaya.

"Jina la mtu naweza kulisahau," anasema. "Kitambaa sikisahau."

Vitambaa hivyo hutoka kwa mumewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima humwita Fundi tu. Ni mabaki ya nguo anazoshona. Kwa miaka kumi na mmoja mke amekuwa akichota vitambaa kwenye boksi lililo chini ya cherehani kila anapopata mteja mpya. Katika miaka yote hiyo, hadi miezi michache iliyopita, bakuli la nyumbani kwake halikuwahi kukaa juu ya meza ile.

Nyumbani walikula tambi za pakiti, nyama ya kopo, na supu ya unga inayochemshwa dakika tatu. Mganga hajigangi. Mama Vitambaa husimama kwa muda wa saa kumi na moja kila siku, na katika kila mafungu kumi anayonunua, faida ni ya mawili. Akifika nyumbani miguu imevimba.

"Nilikuwa sitaki hata kuona kisu," anasema. "Harufu ya kabichi nimeivaa tangu asubuhi, halafu nikaipike tena? Nilifungua pakiti, nikamwaga maji ya moto, watoto wa watu wakashiba mboga zangu, wa kwangu akashiba tambi."

Wa kwake ni binti mmoja, yuko darasa la tano. Mara ya kwanza kupewa bamia, aliuliza kama zimeharibika.

Mwaka jana, mchana mmoja, Fundi alikuwa akishona sketi ya shule ya kaki. Mkono wake wa kushoto ukaachia kitambaa. Akakishika, ukaachia tena. Alidhani ni uchovu, akanywa chai, akasubiri. Jioni mkewe alimkuta amekaa mbele ya cherehani, mkono wa kushoto ameuweka juu ya mapaja na ameufunika kwa wa kulia.

Zahanati walimpima presha: mia na themanini kwa mia na kumi. Nesi, yule wa kitambaa cha maua, akamwandikia aonwe na daktari siku hiyohiyo.

"Baba, bado hujapooza," alimwambia, "lakini umeshapiga hodi mlangoni. Dawa utakunywa, usiache hata siku moja. Na chumvi ipunguzwe."

Fundi hakuacha utani wake hata hapo. "Nesi, mtu mzima lazima awe amekula chumvi nyingi. Ndiyo heshima yake."

Nesi hakucheka. Akamgeukia mkewe. "Na wewe, mama, si ndiye unayetulisha sisi wote? Nyumbani mnakula nini?"

Mama Vitambaa anasema hajawahi kuona aibu ya namna ile. "Nilimdanganya. Nikasema tunakula mboga. Nilishindwa kumwangalia usoni. Bakuli lake nilikuwa nimelikata asubuhi ileile, limejaa hadi mfuniko haufungi."

Kuanzia siku hiyo akapiga moyo konde. Pakiti zote akazitoa nyumbani, na kila jioni akabeba mboga. Alibeba zilizododa: majani ya nje ya kabichi, mchicha ulioshinda juani ukalala, karoti zilizokosa mtu. Aliona anaokoa. Kwa mkata mboga, kutupa ni dhambi, na kujipunja hajui kama ni kujipunja.

Fundi alikula mboga hizo siku tatu. Siku ya nne akaweka kijiko chini. "Mke wangu, kama hii ndiyo dawa, bora nibaki na ugonjwa."

Binti akacheka. Mama naye akacheka, akidhani ni mzaha. Baada ya hapo Fundi hakulalamika tena, alikula kidogo na kusema ameshiba, na mkewe akashukuru kimoyomoyo kwamba mume ameelewa.

Wiki sita baadaye kipimo kilikuwa palepale, na mkono haujapata nguvu. Fundi alikuwa ameanza kurudisha kazi za watu. Sketi ya kaki ilikuwa bado imekunjwa kwenye rafu, haina mkanda.

Wiki hiyohiyo alikuja mteja mpya. Mama Vitambaa akainama chini ya cherehani kutafuta kitambaa cha rangi ambayo haijatumika. Mkono ukagusa kitu kinachochakacha. Chini kabisa ya boksi kulikuwa na pakiti tupu za tambi na supu ya unga, zimekunjwa vizuri na kupangwa, kama fundi anavyopanga nguo ya mteja. Alihesabu hadi thelathini akaacha.

"Nilikaa sakafuni nikalia," anasema. "Sikuwa na hasira. Nilimwona anavyozikunja kwa mkono mmoja, peke yake, anajificha ndani ya nyumba yake."

Fundi aliporudi alizikuta zimepangwa mezani. Hakukana.

"Baba, unataka kutuacha?" mkewe alimuuliza.

"Sitaki."

"Basi kwa nini?"

Fundi, ambaye kila mtu anamjua kwa maneno mengi, safari hii hakutania. Akasema, "Wateja wako unawakatia za asubuhi. Mimi unaniletea zilizokataliwa. Nesi unajua hapendi kitunguu. Mimi napenda nini, Mama?"

Mama Vitambaa anapolisimulia hili anakiweka kisu juu ya ubao. "Nilikuwa sijui," anasema. "Miaka yote hiyo, nilikuwa sijui."

Asubuhi iliyofuata Fundi alimkuta mkewe mlangoni anaondoka. Fundi alikuwa na bakuli mkononi. Alikuwa amelifunga kipande cha kaki kilichobaki kwenye ile sketi, na fundo lilikuwa limelegea kwa sababu ya mkono wake.

"Mteja mpya," alisema. "Mchicha, karoti zikatwe nene, na ndimu uniwekee pembeni. Nikikuta jani la njano nahamia kwa mwingine."

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Tangu hapo bakuli la kaki ndilo la kwanza kukatwa. Wiki ya kwanza lilirudi na karoti nusu, ya pili na vijani vichache. Binti alianza kwa kunusa, sasa anagombania ndimu na baba yake. Pakiti hazijaisha kabisa. Siku za mvua kubwa bado moja huchemshwa, na Mama Vitambaa hafichi hilo. Dawa Fundi anakunywa kila siku. Kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa mia na arobaini na mbili kwa tisini. Nesi alikiandika, kisha akamshika Mama Vitambaa mkono.

Saa kumi jioni mwalimu anafika kuchukua bakuli lake la kitambaa chekundu. Amepata wageni wa ghafla, mboga mezani zimekwisha, na jicho lake linatua kwenye ndoo.

"Hilo hapo je? Nitakulipa mara mbili, dada yangu."

"Hilo lina mwenyewe, mwalimu."

"Mwenyewe si atasubiri kesho?"

"Huyo," anasema Mama Vitambaa, akiufunga mfuniko vizuri zaidi, "ameshasubiri miaka kumi na mmoja."

Mwalimu anacheka, anamsamehe, anaondoka.

Kuanzia mwezi ujao Mama Vitambaa anataka kuwa anafunga kibanda saa kumi kamili, ili apike akiwa bado na miguu. Atapoteza wateja sita wanaochelewa kutoka kazini; ameshawaambia, na wawili wamenuna. "Wateja nitapata wengine," anasema. "Fundi ni huyu mmoja."

Na huyo mmoja anakuja, anatembea polepole kando ya barabara. Kwenye bega lake kuna sketi ya kaki iliyokwisha, ina mkanda na vifungo, anaipeleka kwa mwenyewe. Anaegemea meza na kugonga ubao kwa kidole, kama wateja wengine wanavyofanya.

"Oda yangu tayari?"

Mama Vitambaa anainua bakuli kutoka kwenye ndoo na kulifuta maji kwa kanga yake. Anampa upande wa kushoto. Fundi anaunyoosha mkono wa kushoto, vidole vinafunga kimoja kimoja, na bakuli halianguki.